Gitaa la Mkono Ulioungua

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani hadi leo. Nilitoka kwetu Buguruni nikaenda Gerezani, pale Kariakoo, kuchukua gitaa langu kwa Fundi Mbwana. Kesho yake kwaya yetu ilikuwa inaimba kanisani, nami nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu kwamba narudi kupiga. Mdomo wangu haujawahi kujua kusubiri.

Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kupiga. Mafuta ya moto ya maandazi ya mama yalinimwagikia mkono wa kushoto, na kovu lilipokauka likavivuta vidole viwili vya mwisho. Vilikunjika, ila nguvu ya kukandamiza uzi havikuwa nayo. Gitaa la kwaya likanishinda, maana nyuzi zake zilikaa juu mno. Nililia sana kipindi kile, sikufichi. Ndipo Fundi Mbwana, mzee wa Kiislamu aliyekuwa akiunda magitaa kwa mikono yake, akaniambia atanitengenezea langu, lenye nyuzi zilizolala chini kabisa.

Ukidhani ni kazi ya kulegeza skrubu, kaa nikueleze. Kwenye shingo ya gitaa kuna vipande vya chuma vilivyokingama, mafundi wanaviita freti. Ukishusha nyuzi, halafu freti moja ikawa imezizidi nyingine hata kwa unene wa karatasi, uzi unaigusa na kulia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Kwa hiyo zote ni lazima ziwe sawasawa. Fundi alizipaka masizi vichwani, akapitisha tupa bapa taratibu, kisha akaiinamisha shingo kwenye mwanga wa mlangoni. Masizi yalipobaki, alijua hapo pako chini, akarudia tena. Baadaye akazirudishia mviringo, moja baada ya nyingine, akazisugua kwa msasa laini mpaka zikang'aa. Nilipenda kumtazama tu. Mtu anayeijua kazi yake anapendeza, jamani.

Basi Jumamosi hiyo nikamwamkia, akaitikia, akanipa gitaa. Lilikuwa zuri mpaka nikaogopa kulishika. Nikapiga nyimbo mbili nyepesi, sauti ikatoka safi. Lakini nilipojaribu kukandamiza nyuzi zote pamoja, kovu likachoma. Nilivyolelewa mimi, mzee akikuhangaikia namna ile, humwambii kwamba kazi yake inakuuma. Nikatabasamu, nikamwambia ni zuri sana, Mungu ambariki.

Fundi hakuutazama uso wangu. Alikuwa anautazama mkono. Akaniomba nipige ule wimbo niliokuwa nikiupiga kabla sijaungua. Nikaanza, kidole kikateleza. Nikaanza tena, kikateleza tena. Akalichukua gitaa mikononi mwangu na kuanza kulegeza nyuzi.

"Kwa nini hukusema?" akaniuliza.

"Niliona aibu, baba. Umehangaika sana."

"Ukinisifu, mimi nitalala vizuri. Wewe utapigia nini?"

Nikamlilia kwamba kesho kuna ibada na watu wananisubiri. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kesho utaimba kwa mdomo."

Nilirudi Buguruni nimenuna. Jumapili nikasimama na waimbaji, nikaimba kwa mdomo kama alivyosema, na hasira zangu zote.

Niliporudi Gerezani wiki iliyofuata, nilisimama mlangoni. Fundi Mbwana alikuwa ameketi na gitaa langu mapajani, na vidole vyake viwili vya mwisho, vya mkono wa kushoto, amevifunga kwa kipande cha kanga kuukuu. Amevikaza hasa, mpaka vimevimba. Alikuwa anapiga wimbo wangu wa kwaya, wimbo asioujua, anakosea na kurudia. Uzi ukimshinda, anaweka gitaa mezani, anachukua tupa, anapunguza kidogo sana pale nyuzi zinapokalia, anajaribu tena kwa vidole vilevile vilivyofungwa.

Aliponiona akasema, "Nilikuwa nalijaribu kwa mkono wangu mzima. Kosa langu."

Akanipa. Nikakandamiza nyuzi zote, zikashuka bila ubishi, na hakuna hata moja iliyokwaruza. Nikaupiga wimbo wote. Nililia, na yeye akajifanya anatafuta msasa chini ya meza.

Siku hizi pale pamejengwa ghorofa, wanauza makava ya simu. Gitaa ninalo, na wajukuu wanalijua.

Basi sikiliza, mwanangu. Mtu akikufanyia kazi akakuuliza kama imekukaa, mwambie ukweli kwa adabu, usimnyime nafasi ya kuimaliza. Na wewe ukimfanyia mtu kazi, uwe unashona, unapika au unajenga, usiipime kwa mwili wako usio na maumivu. Mwangalie yeye anaumia wapi, ndipo useme umemaliza.

Mungu akutunzie mikono yako, mwanangu. Na ikitokea siku ikaumia, akukutanishe na mtu atakayefunga vidole vyake ili ajue vyako vinahisi nini. Na ikiwezekana, akufanye wewe kuwa mtu huyo kwa mwenzako.