Nyekundu ya Kahawa Mbivu

Gari bado ninalo. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nimetubu kupita kiasi. Lipo hapa Igamba, mbele ya nyumba ya mama, limefunikwa turubai. Kila Jumamosi nikitoka Tunduma nalifunua, nalifuta, nalizunguka mara mbili tatu bila sababu. Ni zuri kweli, na uzuri wake ndio unaoniaibisha zaidi.

Nililikuta Tunduma kwenye yadi. Magari yanayoshushwa bandarini kwenda Zambia hupitia mpakani kwetu, na kazi yangu ni kuandaa makaratasi yake ya forodha. Hili lilikwama. Mwenyewe, Mzambia mmoja, alishindwa kulivusha, likakaa pale miaka mpaka kuku wakazoea kutaga kwenye kiti cha nyuma. Lilikuwa gari la mbio la Kijapani, la umri wangu au pungufu kidogo, milango miwili, pua ndefu, na taa za mbele zinazojificha ndani ya boneti na kuchomoza ukiziwasha. Yule Mzambia aliponiuzia na kunikabidhi funguo alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Natotela sana, boyi," alinishukuru kwa Kibemba, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Mimi nikadhani amefurahi kupata rafiki.

Tunduma nimepanga chumba kimoja, na nje ya mlango kuna mtaro. Kwa hiyo gari lililetwa nyumbani Igamba juu ya lori. Mama alitoka jikoni na kulizunguka, mikono kiunoni.

"Hili linabeba magunia mangapi?"

"Halibebi magunia, mama."

"Mbuzi je?"

"Hapana."

"Sasa linabebaga nini?"

"Linanibeba mimi."

"Wewe una miguu," alisema, akarudi jikoni.

Nilihangaika nalo Jumamosi za misimu miwili. Niliishusha injini, nikabadili gasketi na ringi, nikaifungua tena kwa sababu nilisahau bolti moja ndani ya bakuli la chai. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hata ungeweza kuendesha huku ukihesabu mawe barabarani. Fundi bodi mmoja wa Mlowo alikuja kuichomelea. Viti vilishonwa na mzee anayeshona viti vya malori, akavitia uzi mweupe ambao sikumwomba, na nikaupenda. Wenye magari ya namna hii huyashusha yakaribie ardhi. Mimi, kwa barabara zetu, nililinyanyua. Vijana wa mpakani waliponiona walisema nimelivisha gari viatu vya mvua. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikasirika. Nilikuwa sipendi kabisa kuchekwa kwa ajili ya gari lile, na kwa kweli kisa chote kimetokana na hapo.

Rangi niliichagua mwenyewe. Nilichuma tunda moja la kahawa lililoiva kwenye mti wa marehemu baba, nikalitia mfukoni, nikaenda nalo Tunduma kwa mchanganya rangi. Nikaliweka mezani pake. "Nataka hii," nikamwambia. Alichanganya, akajaribisha, akachanganya tena mpaka tukakubaliana.

Hapa sina budi kueleza habari za mama. Mama hakusoma sana, lakini kwenye kikundi chetu cha wakulima wa kahawa alikuwa na cheo ambacho hakikuandikwa popote: alikuwa pua. Kila mwanachama hukoboa kahawa yake kwake, huichachusha, huiosha na kuianika, halafu huileta ghalani ikiwa bado na ganda lake jembamba. Pale ghalani zote huchanganywa, zikauzwa kama mzigo mmoja. Mmoja akiharibu, wameharibu wote. Ndiyo maana mlangoni alikaa mama. Alizamisha mkono kwenye gunia, akatoa konzi, akainusa, akasema "pita" au "rudi nayo." Alimrudisha dada yake. Alimrudisha mchungaji, kwa heshima zote, kwa sababu gunia lake lililala karibu na vitunguu. "Kahawa inanywaga harufu," alipenda kusema. "Ukiiweka karibu na dagaa, kesho mzungu anakunywa dagaa." Nyumbani kwetu mafuta ya taa yalikaa upande wa pili wa ua kama mgonjwa wa kuambukiza.

Tatizo langu lilikuwa vumbi. Ulikuwa msimu wa mavuno, kiangazi, na vumbi la Igamba wakati huo halina adabu. Mara mbili nilipuliza praima, ile rangi ya msingi, uani mbele, mara mbili upepo ukaja, nikabaki na gari lenye vipele. Mara mbili nililisugua upya kwa msasa mpaka ncha za vidole zikachubuka. Mahali pamoja tu palikuwa hapana vumbi: nyuma ya nyumba, penye vichanja vya kuanikia kahawa. Mama alipafagia asubuhi na kupanyunyizia maji asubuhi na jioni ili kahawa yake isipate hata chembe.

Nilipamezea mate pale mahali. Yeye aliniona.

Kisha ukaja msiba Isongole, upande wa ndugu wa mama, na ukoo mzima ukaondoka, hata majirani zetu, maana huku jirani na ndugu ni walewale. Mimi, niliyekuwa likizo, niliachwa nitunze kahawa: niigeuze, niifunike jua likiwa kali, niifunike tena jioni. Ilibakiza siku chache ikauke. Mama akiwa ameshafunga kitenge cha safari alisimama mlangoni akaninyooshea kidole.

"Usipulize hilo gari lako kahawa ikiwa nje. Umenisikia, baba?"

"Siwezi kufanya hivyo, mama."

Kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa nimelisukuma mpaka kwenye vichanja, kompresa imewashwa.

Nataka niseme wazi kwamba sikuwa mzembe. Niliifikiria kahawa. Niliogopa matone ya rangi yasiirukie, kwa hiyo niliifunika vizuri, kichanja hadi kichanja, kwa turubai kubwa lililokuwa likilifunika gari, nikalikandamiza kwa mawe pembeni. Hata nilijipongeza. Turubai lile lilikuwa limemwagikiwa thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, wiki nzima. Mimi mtoto wa mama yule, niliyelelewa chini ya vichanja vile, nilizuia matone ninayoyaona nikasahau harufu nisiyoiona. Nilipuliza tabaka tatu za rangi siku ile na mbili siku iliyofuata, na rangi ikakaa laini kama maziwa yaliyoganda. Nilikuwa na furaha ya kitoto.

Siku ya tatu nilifunua turubai, na harufu ikanipiga usoni.

Niliigeuza kahawa kutwa. Niliipepea kwa ungo. Nilijiambia jua litaitoa, na kweli jua liliitoa ya juujuu. Gari nikalirudisha mbele. Madoa mekundu ardhini nikayafukia kwa jembe. Mama aliporudi siku ya nne nilimwambia nililipeleka Mlowo, kwa yule fundi, likapakwa huko.

Alirudi na mafua mazito. Isongole baridi ile ya asubuhi iliwakuta wamelala nje msibani. Hata hivyo, kabla ya kuvua viatu alilisogelea gari, akapitisha kiganja kwenye mlango, akatabasamu. "Kama kahawa mbivu," alisema. "Fundi huyo ana mkono." Halafu akaenda nyuma, mimi nikimfuata. Akachota konzi, akaikaribisha puani, akafumba macho kama kawaida yake.

"Safi," alisema.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na niliisikia thina. Neno moja lingetosha. Ningesema, "Mama, una mafua, ngoja kidogo." Hata ukweli wote usingehitajika. Lakini angeuliza kwa nini, na angefika kwenye ahadi, na angeniangalia. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na suruali zilizopigwa pasi, na nilimwogopa mama yangu kama nilivyomwogopa nilipovunja chungu. Nikasema, "Karibu nyumbani, mama, pole na safari."

Kesho yake aliipeleka ghalani. Nani angemkagua mkaguzi? Ilipita, ikachanganywa na za wenzake.

Miezi kadhaa baadaye kikundi kiliitisha mkutano. Nilimpeleka mwenyewe, kwa gari. Nilitaka aonekane. Alikaa kwenye kile kiti cha chini, mkoba mapajani, akiwapungia watu. Walipotoka kuliangalia aliwaambia, "La mwanangu hili. Kalitengeneza kwa mikono yake," nao wakaligusa, wakasifu, nami nikazibonyeza taa zichomoze.

Ndani, mwenyekiti alieleza kwamba mzigo wetu ulikuwa umeonjwa na kukutwa na harufu ya dawa. Ulishushwa daraja, mzigo wote, jasho la nyumba zote zile. Kikundi huweka konzi moja ya kila mwanachama kwenye chupa yenye namba. Basi waliziagiza, wakakaanga kidogo kutoka kila chupa, wakatwanga, wakachemsha, vikombe vikapangwa mezani. Watu wakanywa kimoja kimoja. Walipofika namba saba walitazamana, wakanywa tena.

Namba saba ilikuwa mama.

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Dada yake, yule aliyewahi kurudishwa, alisema kwa upole kwamba huenda ni gunia, huenda gunia liliwahi kuwekwa dawa ya shamba. Wengine wakalidaka hilo neno haraka, wakitaka kumwokoa. Mama akasimama. Alichukua kikombe, akanusa, akanywa, akakirudisha mezani.

"Naisikia sasa," alisema. "Siku ile niliinusa kwa pua yangu mwenyewe, nikaipitisha."

"Ulikuwa na mafua, mama," mwenyekiti alimwambia. "Sote tunakumbuka."

"Mkaguzi akiwa na mafua anasemaga ana mafua. Mimi nilisema safi." Akavuta kanga mabegani. "Wazee wangu, wenzangu, nimewaharibia. Naomba mnisamehe. Pua imezeeka. Mtafuteni mwingine wa kukaa mlangoni."

Nilikuwa kwenye benchi la nyuma, karibu na dirisha. Kupitia lile dirisha nililiona gari, na jua lilikuwa limelipata vizuri. Ulimi ulikuwepo mdomoni. Watu niliowajua tangu utotoni walikuwepo, na mama alikuwa bado amesimama, hajakaa, kama anayesubiri mtu aseme kitu. Nilitazama viatu vyangu mpaka akakaa.

Njiani, tulipokaribia nyumbani, mama alilipapasa dashibodi kidogo.

"Angalau gari lako limetoka zuri," alisema.

Magunia yake aliyachoma moto jioni hiyohiyo, yote, mazima. Nilimsaidia kuyabeba.

Nilidhani yamekwisha, kumbe ndiyo yalianza. Mama hakuiamini tena pua yake kwa jambo lolote. Nikija Jumamosi ananiletea kibuyu cha maziwa: "Hebu nusa, baba, hayajaharibika?" Ananiletea maharage ya jana, unga, nyama. Mwanamke aliyekuwa akijua mvua inakuja kabla ya mawingu alisimama mbele yangu na sufuria, akingoja nimwambie. Nami nilinusa, nikamwambia. Misimu miwili nilimwambia. Alipokuwa akiondoka na sufuria yake nilikuwa najichukia, halafu naenda kufuta gari.

Mwaka huu kahawa imezaa vizuri. Jumamosi iliyopita mama alikuja mbele nikiwa nimefungua boneti. Mkononi alikuwa na konzi ya kahawa kavu.

"Kesho wanapokea," alisema. "Ninusie. Sitaki kuwaaibisha tena."

Alinifumbulia kiganja. Kahawa ilikuwa safi, niliijua kabla ya kuinama. Niliinama, nikashindwa kusema hata hilo. Nikamweleza. Nilimweleza turubai, thina, madoa niliyoyafukia, fundi wa Mlowo asiyehusika, benchi la nyuma. Nilieleza haraka haraka huku nimeshika spana, na nilipomaliza sikuwa na pa kuangalia.

Hakupaza sauti. Alikiinua kiganja polepole mpaka puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Akaitoa, akavuta tena.

"Safi," alisema, kwa sauti ndogo.

Kisha akafumbua macho akanitazama, na nikaona kwamba hakuwa anafikiria kahawa wala kikundi.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili nimekuwa nakuletea maziwa, nawe unanusa."

Jumapili nilimwashia gari nimpeleke ghalani. Alipita pembeni yake, gunia kichwani, akaenda kwa miguu.