Jina Chini ya Kiti

Kwa miaka arobaini na moja Amândio Furtado alikuwa fundi wa makochi kwenye Barabara ya Dundas, mtaa wa Wareno, Toronto, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuitazama kazi yake. Sitii chumvi. Kazi ya fundi makochi ni kazi ya kufichwa: springi zinafungwa kwa kamba, juu yake gunia, juu ya gunia manyoya ya mkia wa farasi, kisha pamba, na mwisho kitambaa. Mteja anasifia kitambaa, ambacho alikichagua mwenyewe. Anakaa, anasema "Aa, raha," anakwenda zake.

Kulikuwa na jambo moja tu alilojiwekea, nalo alilipata kwa fundi aliyemfunza kule kisiwani São Miguel, katika visiwa vya Azores. Kila alipomaliza fremu, kabla ya kuifunika, aliandika jina lake na mwaka kwa penseli ya seremala, upande wa ndani wa mbao. Mafundi wa huko wote hufanya hivyo. Hulioni jina hilo mpaka fundi mwingine aje kulifumua kochi, labda baada ya miaka thelathini. Amândio mwenyewe alishafumua makochi akakuta majina ya watu waliokwisha kufa, na kila mara aliyasoma kwa sauti akiwa amevua kofia.

Wanawe wawili hawakutaka hata kuiona sindano. Aliyeipenda ile kazi alikuwa Lívia Medeiros, binti wa jirani, ambaye Amândio alimsimamia ubatizo. Tangu ana miaka tisa alishinda sakafuni pale dukani akiokota misumari kwa sumaku. Akiingia alisema, "Bariki, Baba," na mzee akajibu, "Mungu akubariki, binti." Alimpenda kuliko wanawe. Hili mkewe Deolinda alilijua, na alishaacha kuligombania.

Lívia akaenda kusomea ubunifu, akarudi na miwani myekundu na maneno mengi. "Huyu mtoto siku hizi anaongea kama karatasi ya dawa," Deolinda alisema. Mzee alicheka tu.

Mwezi wa kumi, Lívia alikuja dukani akiwa na mchoro.

"Baba, Januari kuna tamasha la ubunifu. Mji mzima! Kila mtaa una maonyesho yake, kwenye vioo vya maduka. Nataka tutoe kiti kilicho uchi."

"Uchi vipi, binti? Deolinda atatufukuza wote wawili."

"Bila kitambaa, Baba! Watu waone springi, kamba, mishono. Waione kazi yako."

Kazi yako. Neno hilo mzee alirudi nalo nyumbani kama mkate wa moto kifuani.

Tuseme haki: umbo la kiti lilikuwa la Lívia, na lilikuwa zuri, pana na la chini, mgongo umepinda kidogo. Mengine yote yalikuwa ya Amândio. Kila springi aliifunga pande nane kwa kamba ya katani, wiki tatu, vidole vikiwa vimevimba kwa baridi yabisi, na kila asubuhi Deolinda akimpaka mafuta huku akimsema. Malipo hakuyataja, wala hakuyafikiria. Alichotaka kilikuwa kidogo sana: kwamba mara moja tu, kabla mikono haijakataa kabisa, watu waisome kazi yake na jina lake papo hapo. Kinyozi aliambiwa. Kanisani waliambiwa. Horácio wa duka la mikate, ambaye kioo chake ndicho kingebeba kiti, aliambiwa mpaka akaziba masikio.

Alipomaliza, aliandika jina kwenye mbao. Safari hii aliliandika kubwa, kwa sababu hapakuwa na kitambaa cha kulifunika. Lívia akakichukua kiti wiki moja kabla ya tamasha, akasema ni kwa ajili ya picha.

Jumamosi ya ufunguzi theluji ilikuwa imefika magotini. Kiti kilining'inia kwa nyaya kwenye kioo cha Horácio, kimeinamishwa ili tumbo lake lionekane, na watu walikuwa wamejazana kweli. Amândio akajipenyeza, akafuta kioo kwa glovu, akatafuta jina lake. Mahali pake palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa kiganja. Mbao ilikuwa imepigwa msasa.

Pembeni palikuwa na kadi. Deolinda aliisoma kwa sauti: kiti kimefungwa kwa mkono na mbunifu Lívia Medeiros, kwa ustadi aliorithi kwa marehemu babu yake, fundi wa visiwa vya Azores.

"Babu yake?" Deolinda alisema. "Yule wa ng'ombe?"

"Huyo huyo."

"Mtu yule hakuwahi kulalia springi mpaka alipolazwa hospitali!"

Mzee hakucheka. Alisimama pale mpaka Deolinda akamvuta mkono.

Jumatatu Lívia aliingia dukani. "Bariki, Baba." Mzee hakujibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu msichana ajue kusema.

"Umepiga msasa," alimwambia.

"Baba, nisikilize kwanza. Kamati inataka mbunifu mmoja na hadithi moja. Na ile penseli, kwenye picha, ilionekana kama uchafu."

"Jina langu."

"Sijasema jina lako ni uchafu! Usinitie maneno kinywani."

"Na babu yako je?"

"Watu wanapenda vitu vya ukoo, Baba. Na wewe si..." Akanyamaza, lakini alikuwa amekwisha kusema. Kisha akaanza kulia, akamshika mzee mikono ile iliyovimba. "Jumapili baada ya misa kamati inaleta wageni kwa Horácio. Nitasema mwenyewe, mbele ya watu wote. Naapa."

Mzee akamwamini. Deolinda alimwita mjinga, akampigia pasi shati hata hivyo.

Jumapili duka la mikate lilifurika: watu wa kanisani, wageni wa tamasha na makoti yao marefu, mama mmoja wa kamati aliyekuwa akitabasamu kwa kila mtu. Lívia alisimama karibu na kiti akaeleza. Alieleza habari za babu yake, mikono ya babu yake, harufu ya manyoya ya farasi katika karakana ya babu yake. Amândio alisubiri. Alisubiri mpaka msichana aliposema asanteni sana na watu wakaanza kugeukia kahawa.

"Kiti hiki nimekifunga mimi," alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini duka zima likamgeukia. Horácio, aliyekwisha kuyachoka maneno hayo, ndiye aliyecheka kwanza. "Ee, Amândio! Uzee wote huo, unamwonea mtoto wivu?"

"Fundo kwa fundo. Jina langu lilikuwepo pale." Akanyoosha kidole kwenye lile doa jeupe. Watu wakatazama, na hawakuona kitu.

Mama wa kamati akamgeukia msichana, bado anatabasamu. "Lívia, ni kweli?"

Lívia alimtazama mzee. Mzee naye alimtazama, na hata wakati ule, nakuambia, alikuwa tayari kumsamehe yote kwa neno moja.

"Huyu ni baba yangu wa ubatizo," Lívia alisema. "Alinisaidia sana."

"Oo, vizuri jamani! Tumpigie makofi!"

Wakapiga makofi, Horácio kwa nguvu kuliko wote, na Amândio, kwa kuwa alilelewa vizuri, akasema asante.