Fanta niliyopewa nikiwa kitandani

Jumatatu hii mtu wa asiransi, yaani bima ya gari lililoniumiza, ofisini kwake mjini Rumonge, aliniambia kwamba matibabu yangu yatalipwa, lakini maumivu yangu na hofu niliyobaki nayo havitalipwa, kwa sababu nilishamsamehe dereva. Nikamwambia sijamwona dereva huyo tangu siku ya ajali. Akajibu kwa upole, "Mama, ulikunywa. Mashahidi iko."

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka thelathini na sita, ni mjane, nina watoto wawili. Kazi yangu ilikuwa kukamua mawese Kizuka. Mwaka jana nilikuwa natoka Magara kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani, gari la abiria nililopanda likaacha barabara na kugonga mti. Dereva alikuwa anaongea na simu, abiria wote tulimwona. Nilivunjika nyonga. Mfupa umeunga, lakini siwezi tena kuinama kwenye mtambo, naswali kwenye kiti, na gari likipiga honi karibu yangu natetemeka mpaka watu wananishika.

Kwetu, aliyemuumiza mtu huja na wakubwa wake kuomba msamaha, wakibeba vinywaji. Ukikubali, unafungua chupa na kunywa pamoja nao. Usipokubali, kreti inarudi kama ilivyokuja. Wengine hunywa bia, sisi Waislamu Fanta, maana ni ileile. Aliyekunywa hadai tena.

Kumbe nilipokuwa hospitali, wazazi wa dereva walifika kwa kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki. Akafungua, akanywa nao. Kisha akaniletea chupa moja wodini. Nakumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa na kiu na nilimwombea dua. Mlangoni alisimama mzee mmoja akitutazama. Nilidhani amekuja kumwona mgonjwa wake. Alikuwa mjomba wa dereva, na leo ndiye shahidi.

Nilikwenda kumuuliza kaka. Hakukana. Alisema hatuwezi kufanya uadui na watu tunaokutana nao sokoni kila siku, na kwamba maumivu huleta Mungu, binadamu hayauzi. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia ile chupa ilikuwa ya nini. Akajibu:

"Mudogo wangu, ungekataa."

Sababu yenyewe niliipata kwa shangazi kesho yake. Nilijua kaka anaoa msichana wa Kigwena. Vitambaa vya meza za sherehe nimevishona mimi, nikiwa nimelala ubavu kwa sababu kukaa kunaniuma. Nilichokuwa sijui ni kwamba huyo msichana ni dada wa dereva. Wazazi wake walisema hawatoi binti kwenye nyumba inayomdai kaka yake. Shangazi alijua. Mawifi walijua. Mimi peke yangu nilikuwa nashona.

Nimepeleka shauri kwa bashingantahe, wazee wanaoamua ugomvi mtaani kwetu. Mtu wa asiransi amesema wazee wakithibitisha kwamba sikusamehe, atafungua tena dosiye yangu ya madai. Watamuuliza kaka mbele ya watu kama nilijua nakunywa nini. Akisema kweli, wakwe watachukua binti yao. Akisema uongo, mimi nitaonekana mtu aliyesamehe halafu akageuka.

Jana alipita kwangu, hakukaa. Akasema, "Sema tu ulijua. Mimi nitakutunza, kama nilivyokutunza siku zote." Na hilo ni kweli, siwezi kulificha. Tangu mume wangu afe, kaka ndiye anasomesha wanangu. Lakini sasa kila nikimtazama naiona ile chupa, na jinsi alivyonishikia ninywe.

Ninyi mnaosoma hapa, kama mngekuwa mimi, mngewaambia nini wale wazee? Nijibuni mapema. Kikao ni Alhamisi asubuhi, na ndoa inafungwa Jumamosi.