Niliivunja Mashine ya Kijiji Nikiwa Houston

Nimekosa, na sitafuti mtu wa kunipangusa machozi. Soma tu ujue jinsi mtu mzima mwenye tai shingoni anavyoweza kuvunja kijiji bila kukikanyaga.

Naishi Lewisville, mji ulio karibu na Dallas, Texas. Siku za kazi naendesha fokilifti ya kuinulia mizigo kwenye ghala, na huko mimi si kitu. Msimamizi wangu hata jina langu hulikosea. Lakini mwisho wa wiki nikivaa suti, mimi ni mheshimiwa. Makamu mwenyekiti wa chama cha watu wa kijiji chetu, kijiji cha milimani kule Kivu Kusini tulichokikimbia wakati wa vita. Makamu mwenyekiti! Cheo hicho kilinilewesha kuliko pombe.

Kijijini kuna kikundi kilichoanzishwa na mwalimu mmoja, Mama Neema, bunduki zilipotulia. Hakina ofisi wala gari. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha shambani watu wa pande mbili zilizokuwa zikiuana. Walilima mpunga bondeni pamoja, wakatengeneza njia, wakauza soko moja. Chama chetu kiliwasaidia kupata mashine ya kusaga mihogo. Wakaiweka katikati, mahali ambapo kila upande unafika bila woga, wakamchagua Bahati kuiendesha.

Bahati ni wa upande wa pili. Ndiye pia aliyekuwa akimlimia mama yangu shamba lake, kwa sababu mimi mwanawe niko Texas napiga picha za suti.

Mimi nikataka nini? Nikataka mashine ihamishiwe upande wetu, karibu na kanisa, ijengewe nyumba nzuri, na juu ya mlango liandikwe jina langu. Ndiyo, langu. Hata rangi ya herufi nilikuwa nimeshachagua.

Mkutano mkuu ulifanyika Houston, katika ukumbi wa kanisa huko Alief. Watu walitoka Sharpstown, Fort Worth, kila mahali. Ugali na sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, mezani, watoto nje wanagombana kwa Kiingereza. Tukampigia Mama Neema simu ya video, akaonekana ukutani mkubwa kama sinema. Nikatoa hoja yangu kwa maneno mazito na Kifaransa cha kutosha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba wanakijiji walishakaa wakaamua, mashine haiondoki pale. Na kuhusu jina, akasema, hakuna aliyeliomba.

Watu wakacheka. Si sana, lakini nilimwona kila aliyeonyesha meno.

Basi nikasimama tena. Nikawaambia mnacheka, kumbe unga wa mama zenu unasagwa na mtoto wa muuaji. Nikasema nilimwona baba yake Bahati, kwa macho yangu haya, akiwasha moto nyumba zetu.

Uongo. Nyumba zilipochomwa mimi nilikuwa nimeshavuka ziwa, niko kambini Tanzania. Tena kuna baya zaidi. Mzee yule, sasa marehemu, ndiye aliyemficha mama yangu ndani ya ghala lake la mahindi mpaka wachomaji wakapita. Mama mwenyewe alinisimulia. Nilijua, na bado nikasema.

Makofi yakaanza. Makofi ya watu wanaolala kwenye kiyoyozi na wanaotaka vita viendelee, ilimradi wafe wengine. Na mimi mbele yao nainamisha kichwa kwa shukrani, kama mwanamuziki.

Kuna mtu alinirekodi. Sauti ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la chama, ikatoka, ikafika kijijini kabla mimi sijafika Lewisville. Vijana wa upande wetu wakaisikiliza sokoni. Wakaenda wakaivunja mashine kwa nyundo. Bahati alijaribu kuwazuia, wakamvunja mkono. Familia yake na watu wote wa upande wao wakahamia ng'ambo ya mto. Mpunga ulikuwa umeiva bondeni, lakini hakuna aliyethubutu kwenda kuuvuna. Ndege wakaula.

Unajua nilifanya nini nilipopata habari hizo? Niliandika kwenye kundi kwamba tuwe watulivu na tuombee amani. Mnafiki!

Mama akanipigia kwa simu ya kuazima. Hakunisalimu.

"Ile sauti ni yako?"

Nikaanza kumweleza habari za mkutano, kwamba mambo yalikuwa moto, kwamba maneno yangu yamekatwakatwa.

"Sikukuuliza mkutano. Ni yako?"

"Ni yangu, Mama."

"Ulikuwako nyumba zilipowaka?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Mimi nilikuwako," akasema. "Njoo uwaambie hapa, mbele ya watu, kile nilichokuambia. Usitume kitu. Njoo wewe."

Sikwenda. Nilisingizia kazi, nikasingizia usalama wa njia, nikasingizia pasipoti. Pasipoti ilikuwa ndani ya droo, nzima kabisa. Badala yake nikajirekodi nikiomba radhi, nikatuma kwenye kundi lile lile. Ile ya uongo ilivuka bahari. Ya kweli haikutoka hata Dallas. Mtu mmoja aliiwekea kidole gumba, basi.

Mkutano uliofuata nikamwomba mwenyekiti wetu nafasi nikiri mbele ya wote. Akanivuta pembeni. "Yaya, kaka yangu, usituharibie sherehe," akaninong'oneza. "Watu wamekuja kula." Wakaongeza muziki. Na mimi, mwanamume mwenye ndevu, nikachukua sahani, nikapanga foleni, nikala.

Sasa Mama amehama. Majirani walimwona akivuka mto, godoro kichwani. Anaishi na mjane wa yule mzee aliyemficha, miongoni mwa hao hao niliowaita wauaji. Shamba lake limekuwa pori. Nikipiga simu anapokea Bahati. Ananisalimia kwa adabu, ananiita yaya, anasema Mama ni mzima, amesikia salamu, ila hana la kujibu. Heri angenitukana.

Wewe unayesoma haya kwenye kochi lako, Houston au popote ulipokimbilia, kijiji si mali yako kwa sababu kitovu chako kimezikwa huko. Waliobaki walizika wafu wao, wakasameheana, wakashika majembe, na hawakukuomba ruhusa. Wakikuita uwasaidie, saidia, kisha ukae chini ufunge mdomo. Na siku ukumbi mzima utakapokupigia makofi kwa sababu umemtaja adui, kabla hujainamisha kichwa jiulize ni nani atakayelala porini kwa sababu yako.