Kliniki ya Moyo Wameniambia Nimeshakufa

Leo nimeambiwa mie ni marehemu, na nimesimama dirishani na kadi yangu mkononi.

Karani wa kliniki ya moyo, binti mpole, kalitafuta faili langu wee. Kaja kulitoa kwenye kabati la waliofariki.

"Bibi, samahani. Humu imeandikwa umefariki."

"Nimefariki naongea na wewe?"

Akanieleza. Kila mgonjwa hupigiwa simu kukumbushwa siku yake ya kliniki. Aliponipigia, akapokea mwanamke mkali: "Mwenyewe kashakufa, msinisumbue!"

Hapo nikajijua. Ni mie. Matapeli wakipiga nawaambiaga hivyo. Msicheke, wajinga nyie!

Nikamkaripia hivyo hivyo. "Ukaandika bila kuhakikisha?"

"Nilihakikisha, bibi. Kesho yake nilipiga tena. Akapokea mzee, anakohoa. Akasema, 'Ni kweli, yuko huku na mimi.'"

Jamani. Mie naishi peke yangu hapa Boko. Mume wangu nilimzika mwaka juzi, na kikohozi ndicho kilichomuua.

Binti kalirudisha faili kwenye kabati la wazima, daktari kanipima. Kaniuliza mbona moyo unakwenda mbio.

Simu yenyewe ndiyo hii ninayowaandikia. Sijawahi kumpa mtu, nalala nayo kifuani.

Sasa nyie mliosoma, acheni kucheka mnijibu. Nibadilishe namba? Au niazime simu ya jirani nijipigie, nisikie atapokea nani?