Kisu Juu ya Dari

Kwetu Mwika, mwanamume akipata mtoto kazi yake ni mbuzi. Kuogesha, kubembeleza, kukesha, hayo ni ya wanawake. Mke anakaa ndani miezi mitatu, analishwa mtori wa ndizi na mlaso, ile damu ya mbuzi inayopikwa na maziwa, na mama mkwe ndiye bosi wa nyumba. Wewe baba unachinja, unapewa hongera, unatoka.

Nilichinja vizuri. Mimi ndiye ninayeitwa ukoo ukiwa na shughuli. Najua kidari ni cha nani na mbavu ni za nani, sijawahi kugombanisha wazee. Nimemaliza kukinga damu, kisu bado mkononi, mama yangu akatoka na mtoto kwenye kanga. "Njoo umwone mwanao, siku nne tu anakodoa macho kama babu yake!"

Nikamtazama mtoto. Nikatazama kisu. Wazo likaja: unaweza.

Sikutaka, naapa. Nilimpenda yule mtoto. Lakini wazo halikuniuliza nataka nini. Nikakitupa kisu kwenye migomba, nikasema tumbo linaniuma, wanaume wakacheka kwamba nimeanza pombe ya mbege mapema. Leo najua ni ugonjwa, daktari wa mjini Moshi amenieleza na dawa nameza. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba mimi ni muuaji ambaye bado hajaua.

Sikumgusa mtoto tena. Kisu nilikiokota nikakificha juu ya dari, panga nikampa jirani alitumie. "Yesu Maria, nyumba ya mchinjaji haina kisu!" mama akalalamika, akawa anaazima kila asubuhi cha kumenyea ndizi. Nikisikia tu kinagonga sufuria, natoka nje.

Njiani watu walinisimamisha. "Hongera, baba! Mama na mtoto hawajambo?" Hawajambo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi najisikiaje. Na wangeuliza ningejibu nini, aisee? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mchana mmoja nilishuka hadi msitu wa Rau, nikakaa humo nikiwaza kwamba mtoto angekuwa salama zaidi kama mimi nisingekuwepo duniani. Niliona ni wazo la busara kabisa. Nilirudi kwa sababu ng'ombe walikuwa hawajakatiwa majani.

Mama aliona ninavyokonda. "Mficha uchi hazai," akaniambia, "sema kinachokusumbua." Mimi nilikuwa nimeshazaa, na bado nikaficha.

Mke wangu alivumilia karibu miezi yote mitatu, kisha akafungua mdomo. "Kama unaona si wako, sema mbele ya wazee. Usinitese." Nikanyamaza, mjinga mimi. Basi akasema kaka zake wanakuja Jumamosi atakapotoka uzazini, na kama mpaka hapo sijambeba mwanangu, yeye na mtoto wataondoka nao.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa kwenye misa ya alfajiri. Nilikuwa uani nafagia, mke wangu akatoka, mtoto mkono mmoja, mkono mwingine jani la isale alilochuma mpakani mwa kihamba chetu cha migomba. Kwetu mtu akikuletea isale, hata kama amekuulia ndugu, huwezi kumnyima msamaha.

"Sijui nimekukosea nini," akasema. "Nisamehe."

Yeye! Aniombe msamaha mimi! Nililia mpaka ufagio ukaniponyoka. Nikamwambia yote: mbuzi, kisu, Rau, na lile wazo. Nilipolitaja wazo, mkono wake ulimvuta mtoto kifuani, akarudi nyuma hatua moja. Sikumlaumu. Lakini hatua ile naiona mpaka leo.

Jani lilikuwa bado mkononi mwake.

"Hilo wazo linakuja lini?"

"Kila siku."

"Umewahi kutaka?"

"Hata siku moja."

"Kisu kiko wapi?"

"Juu ya dari."

Akaingia ndani, nikasikia anaburuta kigoda. Niliamini anafungasha nguo zake. Akatoka, mtoto mgongoni, ameshika beseni la ndizi na kisu alichokifuta vumbi kwa kanga. Akanipa mtoto. Alimfungua mgongoni, akamweka mikononi mwangu. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ananuka maziwa. Mke wangu akaniketisha kizingitini, akaketi mbele yangu, magoti yake yanakaribia kugusa yangu, akaanza kumenya. Mtoto akafumbua macho.

"Limekuja?" mke wangu akauliza, bila kuinua kichwa.

"Limekuja."

"Haya. Mshike vizuri," akasema, akachukua ndizi nyingine.