Mzee wa Ayalandi na Sakafu ya Jukwaa la Durban

Nilikwenda Durban kwa sababu ya woga. Nimeigiza tamthilia za televisheni Dar es Salaam miaka kumi na minne, na sokoni akina mama hunigombeza kwa roho mbaya ya shangazi ninayemwigiza. Lakini kwenye televisheni unakariri kurasa mbili, na ukikosea mnarudia. Mwaka juzi nilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza na kikundi kimoja cha maigizo, ukumbi umejaa, na katikati ya onyesho maneno yote yakanitoka kichwani. Nilitimkia mlango wa nyuma na kanga ya igizo kiunoni. Sasa kikundi kilekile kilinipa nafasi ya pili, na mkurugenzi wao alitaka jibu Jumatatu. Nilikuwa nimeshaamua kukataa.

Ndipo Nadine akapiga simu. Tulisoma pamoja Kigoma, ingawa kwao ni Bukavu, Kongo, na siku hizi ana saluni South Beach, huko Durban, na hutengeneza nywele za bandia za waigizaji. Aliponitajia mwigizaji kipara aliyekuwa akimhudumia wiki ile, nilikaa kitini. Ni mzee wa Ayalandi, na jina lake nitaliacha, maana yeye mwenyewe hapendi kutajwatajwa. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Yeye alianzia ukumbi wa parokia, akafika Dublin, akakaa jukwaani miaka karibu ishirini akiwa askari wa tatu, mlevi wa pili, mtu wa kuleta barua. Filamu zilimgundua mvi zimeshaanza. Mimi nilimwona mara ya kwanza katika filamu moja, akila yai la kuchemsha baada ya kumzika mkewe, bila neno hata moja, na nililia mpaka jirani akabisha hodi. Mtu huyo angeweza kustarehe nyumbani, lakini kila mwaka hurudi jukwaani. Nilitaka kumwona akifanya lile lililonishinda.

Ijumaa alasiri nilitua Durban, baada ya kubadilisha ndege Johannesburg. Nadine alinipeleka kwake ghorofa ya kumi na moja, bahari yote dirishani, akanilisha sombe, kisamvu cha kwao, na samaki huku akinisimulia mchezo wenyewe. Mzee anaigiza peke yake saa nzima na nusu: ni mwalimu mkuu anayefunga shule yake kwa mara ya mwisho. Nilipiga hesabu ya maneno ya saa nzima na nusu katika kichwa cha miaka sabini na tisa, kijiko kikaniganda mkononi.

Jumamosi saa nne asubuhi tuliingia ukumbini kwa mlango wa wafanyakazi. Nadine alikwenda kuchana nywele za bandia, mimi nikabaki pembeni ya jukwaa. Na hapo nikamwona. Alikuwa na soksi tu miguuni, mdomo umefungwa, macho chini. Alipiga hatua tatu, akasimama, akageuka, akarudi, akainama karibu na meza. Nikajua kapoteza kitu. Kwetu mzee akiinama kutafuta, humkodolei macho. Nikapanda, nikapiga magoti kando ya meza ile, nikaanza kupapasa sakafu.

Akasimama. "Umepoteza kitu, mama?" aliniuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa.

Nikamjibu kwamba ninamsaidia kutafuta chake. Nadine akatokea mbio na kitana mkononi.

"Eish, dada, toka pale," akasema. "Muzee hatafute kitu. Anapitishaka mchezo na miguu, kila asubuhi, toka mwanzo mpaka mwisho."

Nilitamani sakafu inimeze. Mzee aliyaweka maneno yake sakafuni, kila sentensi na hatua yake, na kila asubuhi aliyapitia kimya yote. Mtu akimkatiza, huanza upya kabisa. Lakini mafundi wa taa walishafika, jukwaa lilikuwa lao, na muda wa kuanza upya haukuwapo. Wazee walisema kuuliza si ujinga, mimi sikuuliza.

Saa tisa onyesho likaanza. Sijui nieleze vipi. Alikuwa mtu mmoja na meza moja na dirisha la mbao, nami nikaona wanafunzi arobaini. Kisha akafika kwenye meza, akainama, akanyamaza.

Ukumbi mzima ulidhani ni huzuni ya mwalimu. Mimi nilijua maneno yamemtoka. Palikuwa palepale yalipokuwa magoti yangu asubuhi, na niliona macho yake matupu, nikayatambua kwa sababu niliwahi kuwa nayo. Nilishika mkono wa Nadine mpaka akaguna.

Mzee hakukimbia. Aligeuka taratibu, akarudi dirishani kama mwalimu aliyesahau chaki, akasimama. Akaja tena: hatua moja, mbili, tatu. Akaweka kiganja mezani, na maneno yakaja, yote, mpaka mwisho. Watu walisimama kushangilia.

Baadaye, Nadine alipokuwa akimvua zile nywele, nilimwomba radhi, nikamsimulia na aibu yangu ya mwaka juzi, mlango, kanga na yote. Alisikiliza akijifuta rangi usoni.

"Maneno hunikimbia mara nyingi sasa," alisema. "Zamani niliyafukuza. Siku hizi narudi mahali nilipoyaona mara ya mwisho, nayasubiri." Akanitazama kupitia kioo. "Yako nayo yalirudi usiku ule, mama. Hayakukuta mtu."

Jumapili nilirudi Dar es Salaam, na sikumbuki chakula cha ndege wala jirani yangu wa kiti. Nilikuwa nimejua kwamba hata yeye husahau, na kwamba ukubwa wake wote umo katika kubaki.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwenye ukumbi wetu. Mkurugenzi alikuwa safu ya mwisho, anasubiri jibu. Nilivua viatu, nikapanda jukwaani, nikaanza kutembea ukurasa wa kwanza wa igizo, mdomo umefungwa, macho chini. Nilikuwa nimefika katikati mama anayefagia ukumbi alipoweka ufagio chini, akapanda, akapiga magoti mbele yangu.

"Umedondosha nini, mwanangu? Hereni?"

Nikamshika bega, nikamwambia sijapoteza kitu. Kisha nikarudi mpaka kwenye ule mlango wa nyuma, nikaufunga, nikaanza upya.